Fundi Ngoja na Taa Iliyomwakia Mama Mkwe

Saa moja na robo asubuhi, Fundi Ngoja ameketi kiti cha nyuma cha gari dogo la kijivu, amepakata mashine ya kupimia kama aliyepakata mtoto wa watu. Waya wa mashine unapita katikati ya viti vya mbele hadi chini ya usukani. Boneti imefungwa. Tangu jana mchana, gari lilipoletwa kwake, boneti haijafunguliwa hata mara moja.

"Fundi, huangalii injini?" dereva anauliza kwa mara ya tatu.

"Ngoja kwanza."

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Unakokwenda kila siku. Endesha kama vile mimi simo."

Dereva ni mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari, na anaendesha kama vile fundi yumo. Mikono yote miwili iko juu ya usukani, shingo imekakamaa, mwendo ni wa msafara wa harusi. Baiskeli mbili zinatupita. Fundi anamgusa bega.

"Mwalimu, hivi ndivyo unavyoendesha siku zote?"

"Ndiyo."

"Mkeo ameniambia mengine."

Mwalimu anakanyaga mafuta, na mwandishi wa makala haya anaegemea nyuma bila kupenda.

Kwenye dashibodi, taa ya injini imezima. Ni ile taa ndogo ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini, ambayo kwa miezi miwili imeivuruga nyumba ya watu. Huwaka inapotaka, huzima inapotaka, na ikiona gereji inajifanya haijawahi kuwaka tangu izaliwe. Asubuhi hii tumezunguka kilomita kumi na nane na imetulia tuli.

"Unaona?" Mwalimu analalamika. "Ukiitafuta haipo!"

Fundi Ngoja haonekani kusikitika. Ana miaka arobaini na mitano, ovaroli lenye mifuko sita, na kalamu ya kupimia umeme iliyochomekwa kwenye kilemba. Kazi yake ni umeme wa magari, na ndani ya kazi hiyo amejichagulia kipande ambacho mafundi wengi hukikimbia: taa zinazowaka na kuzima zenyewe.

Jina lenyewe alipewa na wateja. Kila fundi mwingine ukimwambia taa imewaka, anakuwa ameshashika spana kabla hujamaliza sentensi. Yeye huinua kiganja na kusema, "Ngoja kwanza." Kisha anapanda gari, upande wa abiria, na kuomba apelekwe mteja anakokwenda siku zote.

Jirani yake katika uwanja wa gereji, mpiga rangi za magari, amemtazama akifanya hivyo kwa miaka kumi na moja na bado hajazoea. "Wenzake wanafungua boneti kabla gari halijasimama," anasema. "Kwake mteja anaweza kunywa chai, akasoma gazeti, akapata na mchumba, boneti bado imefungwa."

Masharti yake yanajulikana. Dereva awe yuleyule, njia ileile, abiria walewale, viatu vilevile. Kama kuna redio, iwashwe. "Na kama mna kawaida ya kugombana ndani ya gari, gombaneni," anasema. "Mimi sitaingilia. Gari limezoea."

Hakuyatunga masharti hayo kwa kichaa. Aliwahi kuletewa gari ambalo taa yake iliwaka kila Jumatatu. Mwenyewe alikuwa ameshaapa kuwa limerogwa na jirani. Fundi Ngoja akaenda kushinda naye Jumapili, akamkuta anaiosha injini kwa mpira wa maji hadi kwenye plagi, huku anaimba. "Alikuwa analipenda mno," fundi anasema. "Nikamwambia, lipende kwa nje tu."

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza redio na baadaye magari. Mwaka wa kwanza wote hakushika chombo chochote isipokuwa tochi. "Mjomba akiwa chini ya dashibodi ananiambia, mulika ninapotazama mimi, siyo unapotazama wewe. Nikawa sina budi kumtazama yeye macho yake yanakwenda wapi. Mwisho nikawa najua tatizo liko wapi kwa kumtazama mtu."

Kazi hii haimtajirishi. Wiki nzuri hupata magari manne ya aina hiyo, wiki mbaya hupata moja. Kushinda ndani ya gari la mtu kutwa nzima humletea chini ya bei ya tairi moja kuukuu. Na kwa kuwa habadilishi kifaa ambacho hajakiona kikikosea kwa macho yake, maduka ya vipuri hayampendi hata kidogo.

Mumewe, mwoka mikate, anasema nyumbani hali si tofauti. "Nikimwambia kichwa kinaniuma, ananiuliza kilianza saa ngapi, nilikuwa nimekaa upande gani, na dirisha lilikuwa wazi au limefungwa. Hadi amalize maswali, kimepona."

Turudi kwenye gari la kijivu.

Kabla ya kumfikia Fundi Ngoja, Mwalimu alikuwa amepita gereji tatu. Ya kwanza walibadilisha plagi. Ya pili walibadilisha sensa, kile kihisio kilicho kwenye bomba la ekzosi la kutolea moshi, kwa sababu ndiyo iliyotajwa na mashine. Ya tatu walibadilisha sensa hiyohiyo tena, kisha taa ilipowaka wakaifunika kwa kipande cha utepe mweusi.

"Matengenezo yale ndiyo yaliyodumu zaidi," anakiri Mwalimu.

Basi yeye, kama mtu wa hesabu, akaamua kujitegemea. Akafungua daftari. Kila taa ilipowaka aliandika tarehe, saa, hali ya hewa, kiasi cha mafuta, na nani alikuwa ndani ya gari. Baada ya wiki saba alikuwa na mistari kumi na minne. Taa iliwaka mvua ikinyesha na jua likiwaka, tangi likiwa limejaa na likiwa karibu kukauka. Kitu kimoja tu hakikubadilika. Mara zote kumi na nne, kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi mama mkwe wake.

Mtu mwingine angeufunga mdomo wake hapo hapo. Mwalimu akachora grafu.

"Nilidhani atafurahia kujua," anasema, na uso wake unaonyesha kwamba kweli alidhani.

Aliionyesha mezani, watu wakila. Mama mkwe akaitazama grafu ile, akaweka kijiko chini taratibu, akasema, "Sawa, Mwalimu." Kwa miaka sita alikuwa akimwita "baba". Asubuhi iliyofuata begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Akatangaza kuwa Jumamosi anapanda basi anarudi kwake, asije akawaunguzia gari la watu.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mama mkwe huyo alikuja kusaidia kulea wajukuu mapacha wa miezi saba, ili binti yake, ambaye ni muuguzi wa zamu, arudi kazini. Akiondoka, muuguzi ataacha kazi au mapacha watahamia wodini. Na zaidi ya hayo, mama ataondoka akiamini kuwa ametolewa kwenye nyumba ya mwanawe na taa.

Muuguzi hakupiga kelele. Alimwambia mumewe sentensi moja tu, ambayo Mwalimu ameirudia mbele yetu bila kupunguza neno: "Tengeneza taa au tengeneza mdomo wako, kimoja kiwe tayari kabla ya Jumamosi."

Leo ni Jumatano.

"Mashine inasema sensa ya ekzosi inakosa umeme," Fundi Ngoja anaeleza, akikunja waya wake baada ya ule mzunguko wa asubuhi. "Ni kweli. Lakini mashine inakwambia nani analia. Haikwambii nani kampiga."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo namtaka Mama ndani ya gari."

Mwalimu anatoa macho. "Hapandi. Ameapa."

Simu ya fundi inalia. Ni binti yake mkubwa, anayeolewa mwezi ujao, anataka kujua kama kadi za mwaliko ziwe na ua au zisiwe na ua. "Lisiwepo," fundi anajibu. "Likiwepo, liwe dogo. Nipo kazini, mama." Anakata simu na kuanza kutembea kuelekea nyumbani kwa Mwalimu, bila kusubiri gari.

Mama mkwe tulimkuta sebuleni akikunja nepi. Ana miaka sitini na tisa, na kwa miaka thelathini alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Nepi zilipangwa kwa ukubwa, kona kwa kona, mapacha nao wamelazwa mkekani sambamba, na hakuna aliyethubutu kulia. Miguuni alivaa viatu vyeusi vyenye visigino vigumu vya mbao. Wasichana mia mbili walikuwa wakisikia visigino hivyo ukumbini, wote wanarudi vitandani na kukoroma kwa pamoja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa?"

"Sikutumwa. Gari limenigomea."

"Gari hilo halinitaki. Mwenyewe amethibitisha kwa grafu."

"Mimi grafu sizijui, Mama, nimezoea waya. Naomba uniazime nusu saa yako kesho."

Mama akakunja nepi nyingine. "Na nikipanda likawaka?"

"Litakuwa limesema mbele ya fundi. Miezi miwili sasa linakusengenya pembeni."

Mama akacheka, kisha akaurudisha uso wake mahali pake. "Sikucheka," alisema, akimtazama mwandishi hadi mwandishi akafunga daftari. "Kesho saa tatu. Na nitavaa hivihivi nilivyo."

"Hivyo hivyo ndivyo ninavyotaka," alijibu fundi.

Alhamisi saa tatu kamili, Mama aliketi kiti cha mbele, mkoba mapajani, mkanda umekazwa. Fundi na mwandishi walikuwa nyuma. Mwalimu na mama mkwe wake hawakuwa wakisemezana, kwa hiyo mazungumzo yote yalipitia kwa fundi.

"Mwambie Mwalimu kuna lori mbele."

"Mwalimu, kuna lori."

"Mwambie Mama nimeliona."

"Mama, ameliona."

"Muulize kama ameliona, mbona anaongeza mwendo?"

Fundi aliona swali hilo halihitaji mpelekaji. Redio ilikuwa imewashwa, dirisha la kushoto limeshuka nusu, kila kitu kama kawaida. Tulipita soko la vyuma, tukapita shule, tukateremka kuelekea mzunguko mkubwa. Mwalimu alifunga breki dakika ya mwisho, kama desturi yake. Na pale, mbele ya macho ya watu wanne, taa ikawaka.

Hakuna aliyeshangilia. Mwalimu, ambaye daftari lake sasa lilikuwa na mstari wa kumi na tano, alitazama mbele tu. Mama alifungua mkoba, akatoa leso, akairudisha bila kuitumia.

"Nimelea watoto wa watu miaka thelathini," alisema polepole. "Sijawahi kuambiwa nina mkosi. Nimesubiri hadi uzeeni kuambiwa na gari."

Mwandishi alijuta kuwa ndani ya gari lile. Fundi Ngoja alitazama mashine yake muda mrefu, kisha akafuta kumbukumbu ya hitilafu. Taa ikazima.

"Mama, naomba tubadilishane viti," alisema. "Mimi mbele, wewe nyuma yangu. Mwalimu, njia ileile."

Tukazunguka tena. Soko la vyuma, shule, mteremko, mzunguko. Taa kimya. Tukarudia mara ya pili, kisha ya tatu, na taa haikufurukuta. Nilimwona Mwalimu akijizuia, lakini hesabu ilikuwa imempanda kichwani.

"Kwa hiyo kiti ni kilekile," alianza, "njia ni ileile, kilichobadilika ni mtu, maana yake..."

"Ngoja kwanza."

"Nasema tu kwamba kimantiki..."

"Mwalimu. Ngoja kwanza."

Kuna jambo fundi alikuwa amelihisi mgongoni. Kila Mwalimu alipokaribia gari lililosimama, kiti chake kilisukumwa kutoka nyuma. Si kwa nguvu nyingi, ila kwa uthabiti, kama mtu anayejaribu kufunga mlango mzito kwa mguu. Mwanzoni alidhani ni mwandishi. Akageuka, akaona miguu ya mwandishi imekunjwa upande wa pili. Akamwomba Mwalimu alifuate lori lililokuwa mbele na afunge breki kama anavyofunga siku zote.

Lori likasimama. Mwalimu akachelewa. Kiti kikasukumwa, du!

"Nikaujua ule mguu," Fundi Ngoja anasimulia sasa, akicheka peke yake. "Niliujua kwa sababu ni mguu wangu."

Mwezi mmoja kabla, mchumba wa binti yake alimrudisha nyumbani kwa gari kutoka kwenye utambulisho. Kijana mstaarabu, anasema, salamu mbili mbili, lakini akishika usukani anageuka mtu mwingine. Fundi alifika kwake mguu wa kulia umekufa ganzi. Njia nzima alikuwa akikanyaga sakafu, anatafuta breki ambayo upande wa abiria haipo.

Alhamisi ile, basi, alimsimamisha Mwalimu mbele ya duka la vitabu, akawashusha wote, akapiga magoti, akainua kapeti ya upande wa abiria wa mbele. Akachomoa tochi mfuko wa nne. Mwalimu akainama kummulikia kwa simu yake.

"Mulika ninapotazama mimi," fundi alimwambia.

Chini ya kapeti palikuwa na fungu la waya linaloshuka kwenda kwenye sensa ya ekzosi, na soketi yake imelala pale pale kisigino kinapotua. Ganda la waya mmoja lilikuwa limepondeka na kuchunika. Fundi akaubonyeza kwa kidole gumba. Taa ikawaka. Akauachia, akafuta kumbukumbu, akaubonyeza tena. Ikawaka tena, kwa utii mkubwa, kama ambayo haijawahi kumsumbua mtu.

"Ni mguu wangu?" Mama aliuliza, amesimama kando ya gari na mkoba wake.

"Ngoja kwanza, Mama." Fundi alikuwa bado anamulika. Kando ya waya zile kulikuwa na tundu mbili za skrubu zisizo na skrubu, na waya mwingine mpya, mwekundu, uliopitishwa juujuu na kufungwa kwa utepe. "Mwalimu, nani aliweka spika humu?"

Mwalimu alikohoa. Spika aliziweka mwaka jana, kwa fundi wa redio, ili asikilize muziki vizuri.

"Hapa palikuwa na kifuniko cha plastiki. Kinazilinda hizi waya. Kiko wapi?"

"Sijui habari ya kifuniko."

"Cheusi. Kirefu kama rula, kimekunjwa kingo, kama kisinia."

Mwandishi ameona watu wakikiri mambo makubwa mahakamani kwa uso uliotulia kuliko wa Mwalimu.

"Fundi wa redio aliniambia hiki kimebaki," alisema Mwalimu mwishowe. "Nimekiweka mezani kwangu, chumba cha walimu. Naweka kalamu."

"Kwenye gari hakuna kinachobaki, Mwalimu."

Yaani kwa wiki saba Mwalimu aliandika takwimu za taa ile kwa kalamu alizozitoa ndani ya jibu lenyewe. Muuguzi alipopigiwa simu na kuelezwa, alicheka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna habari gani njema.

Fundi Ngoja hakucheka. Alisimama, akajipangusa magoti, akamgeukia Mama. "Mguu wako haukukosea kitu. Ulikuwa unatafuta breki kwa sababu breki ilikuwa inachelewa. Kosa ni la kifuniko kutolewa."

"Rudia," alisema Mama.

"Breki ilikuwa inachelewa."

"Kwa sauti. Mwalimu yuko mbali."

Mwalimu alikuwa umbali wa mkono mmoja. Fundi akarudia kwa sauti, na mwenye duka la vitabu akatoka nje kusikiliza.

Ijumaa waya ulikatwa na kuungwa upya, soketi ikasogezwa, kifuniko kikarudishwa bila kalamu. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Fundi Ngoja alibaki akiitazama ile sakafu, akijua vizuri kwamba mguu ule hautaacha. Akaenda kwenye rundo la vyuma la mpiga rangi, akachokonoa, akarudi na pedali kuukuu ya breki yenye mpira mzima. Akaifunga kwa boliti mbili upande wa abiria, juu ya kibao kilichoziruka waya zote, akaitia springi ya mlango. Ukiikanyaga inashuka, inagonga kibao, tok, na kurudi juu.

"Imeungwa na nini?" aliuliza Mwalimu.

"Haikuungwa na kitu."

"Sasa ina faida gani?"

"Ngoja kwanza," alijibu fundi. Mpiga rangi anasema siku hiyo alilisema kwa furaha isiyo ya kawaida.

Kilichobaki hakikuwa kazi ya fundi. Jumamosi asubuhi begi lilikuwa bado mlangoni, kamba imekazwa vilevile. Mwalimu alisimama mbele ya mama mkwe wake, akiwa amevaa shati la kwenda kwenye mahafali, akaanza. "Mama, hesabu zilikuwa sahihi, isipokuwa tafsiri..."

Muuguzi, pacha mmoja kila bega, alimtazama.

Mwalimu akaanza upya. "Nimekosa, Mama. Nisamehe."

Mama alimwangalia muda ambao bweni zima lingeshaungama. Kisha akainua kiganja. "Ngoja kwanza," alisema. "Nipeleke stendi."

Begi likawekwa kwenye buti. Mama akaketi mbele, akaiona pedali, akaweka juu yake kisigino cha mbao. Tok. Akamtazama Fundi Ngoja, aliyekuwa amekuja kuangalia kazi yake mara ya mwisho na kusimama dirishani.

"Inashika?"

"Jaribu, Mama."

Anasimulia muuguzi, aliyekuwa nyuma na mapacha: Mwalimu aliondoa gari kwa mwendo wake wa kawaida. Mbele kulikuwa na mkokoteni. Mama akakanyaga, tok, na mguu wa Mwalimu ukaondoka wenyewe kwenye mafuta. Kwenye shule, tok, gari likapunguza. Kwenye mteremko, tok, wakashuka kama watu wenye watoto ndani. Mzunguko mkubwa waliupita bila hata mkoba wa Mama kuteleza. Dashibodi ilikuwa giza. Mwalimu aliitazama mara nyingi kuliko alivyotazama barabara, akapigiwa tok kwa kosa hilo pia.

Stendi iko kulia baada ya mzunguko. Mwalimu akawasha taa ya kulia. Mama akaikanyaga pedali hadi mwisho, akaishikilia. Gari likasimama.

"Najua haina kitu," alisema. "Sikuzaliwa jana. Lakini ikilia, unasikia."

"Nasikia, Mama."

"Basi geuza, baba. Watoto wanataka kulala."

Muuguzi anasema hakulia. Pacha wa kushoto, anasema, ndiye aliyemmwagia maziwa usoni.

Wiki tatu zimepita. Taa ya gari la kijivu haijawaka, kamba ya begi inaanikiwa nepi, na daftari la Mwalimu limefungwa, ingawa anakiri kuwa ana takwimu za tok, kwa matumizi yake binafsi. Kwa siku zimeshuka kutoka arobaini na moja hadi kumi na mbili. Hajazichorea grafu.

Habari za pedali nazo zimeenea. Mwenye duka la vitabu ameagiza moja kwa ajili ya mkewe. Mke wake naye amekuja kwa siri kuagiza moja kwa ajili ya mumewe. Fundi Ngoja anasema huenda mwakani akatundika kibao cha jina gerejini, kitu ambacho hajawahi kuwa nacho, na mpiga rangi ameshaahidi kumwandikia bure kwa sharti kwamba asikae kukifikiria miezi sita.

Kwenye rafu yake, nyuma ya mashine ya kupimia, ipo pedali nyingine iliyosuguliwa ikang'aa, imefungwa kwa kitambaa safi. Mwandishi aliuliza kama hiyo inauzwa.

"Hapana. Hiyo ina mwenyewe."

Simu ikalia. Alikuwa binti yake, kuhusu ukumbi: mchumba atampitia fundi Jumapili waende kuutazama pamoja.

"Anakuja na gari?" Fundi Ngoja aliuliza, akiifikia rafu kwa mkono wa pili. "Mwambie aje mapema, apitie gereji kwanza. Nusu saa tu."

Alikata simu, akafungua kitambaa, akaijaribu springi kwa kidole gumba. Tok.

"Ni kijana mzuri," alisema. "Nampenda, na ninataka aniite mama mpaka nizeeke. Sitaki anichoree grafu."